Kicheko Baada ya Mabomba

Mzee Nukta aliweka ukurasa mezani kwangu, akaugonga kwa kidole.

"Binti, nisomee hapo."

Nikasoma. "'Ndugu wananchi, nawaahidi kwamba ifikapo mwakani mabomba ya maji yatafika katika kila mtaa wa mji huu.' Halafu kwenye mabano, 'Kicheko.'"

"Kicheko cha nini?"

Nikautazama tena ukurasa. Ulipigwa taipu kabla sijazaliwa, kwa mashine ambayo tumbo la kila "a" lilikuwa limejaa wino. Neno lile lilikaa peke yake ndani ya mabano, kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Labda walifurahi, mzee."

"Wakifurahi tunaandika Makofi. Wakifurahi mno tunaandika Makofi na vigelegele. Kicheko maana yake kuna mtu kafanya mzaha. Sasa mzaha uko wapi? Rais anaahidi maji, watu wanacheka! Tukichapa hivi, mstaafu mwenyewe ataniita aniulize nani alikuwa anamcheka." Akavua miwani, akafikicha macho. "Sikiliza kanda. Ukiupata mzaha, uingize. Usipoupata, kicheko kitoke. Nukta."

Ndivyo anavyomaliza kila jambo, na ndiyo sababu hakuna anayetumia jina lake tena. Ni mhariri wetu. Amekwisha kutoa juzuu tatu za hotuba za Rais mstaafu, na hii ya nne inaelekea kumtoa yeye.

Chumba chetu kiko nyuma ya mitambo ya kuchapia. Mitambo ikiwaka, vikombe hutetemeka kwenye visahani, na tunazungumza kwa kupaza sauti hata tukiwa hatuna ugomvi. Kazi yangu ni kusikiliza kanda za zamani na kulinganisha na nakala zilizopigwa taipu. Kwa muda niliokaa hapa nimekuwa bingwa wa makofi. Ya kuamriwa huanza pamoja na kuisha pamoja. Ya kweli huanza na mtu mmoja asiyeweza kungoja. Nimejua pia kwamba hakuna mwaka ambao Rais hakuwaomba watu wakaze mkanda. Dada anayepanga kurasa ananiambia kila siku, "Huo mkanda mdogo wangu, kwa hesabu zangu, sasa hivi umebaki bizimu tu."

Sikumwambia Mzee Nukta kwamba hotuba ile naijua tangu utotoni.

Nyumbani kwetu inaitwa hotuba ya mabomba. Mama alikuwapo uwanjani siku hiyo, na kaka yangu mgongoni. Kaka huyo simjui. Ndiye mtoto wa kwanza; alikufa kwa homa wiki ileile, hajatimiza mwaka, na hakuna aliyewahi kumpiga picha. Alichoacha ni ugomvi. Shangazi, dada yake baba, ambaye tunaishi naye, anaamini kwamba jua la uwanjani ndilo lililommaliza. Siku hizi hasemi kwa ukali. Anasema kama mtu anayeulizia chumvi.

"Siku ile ya siasa zako," ataanza.

Mama hamwachi amalize. "Mtoto hakukaa juani, wifi. Alipolia, Rais mwenyewe alinyamaza, akasema mpisheni mama huyo akakae kivulini. Wakanipisha. Nilikaa kivulini mpaka mwisho."

"Rais akuone wewe, katika umati ule! Labda alikuwa anaagiza maji ya kunywa."

"Alikuwa anaahidi, hakuwa anaagiza."

"Basi hayo maji hajayaona yeye wala sisi."

Hapo hucheka wote wawili kidogo, kicheko cha kuchoka, kisha kila mmoja hushika lake. Baba alipokuwa hai, mazungumzo yakifika hapo alikuwa anatoka nje.

Kivuli kile kilikuwa utetezi wote aliokuwa nao mama. Siku nilipopata kazi hakuniuliza mshahara. Aliuliza, "Hotuba zote? Hata ya mabomba?" Tangu hapo, kila akirudi kutoka hospitalini anakopiga pasi mashuka kutwa, hutumbukiza miguu yake iliyovimba katika beseni na kuniuliza, "Mmefika kwenye mabomba?"

"Bado, mama."

"Mkifika, uniletee hicho kitabu. Wifi yangu anajua kusoma, ajisomee mwenyewe."

Nilifunga mlango, nikavaa visikilizio. Kanda ilikuwa na mchakacho, na sauti ya Rais ilikuwa ya kijana zaidi kuliko nilivyoizoea, ila imekauka. Nadhani alikuwa anahutubia tangu asubuhi. Akasoma takwimu za visima. Akapotea kwenye takwimu, akarudi. Akafika kwenye mabomba, na alipomaliza kutamka "mji huu" mtoto akalia.

Hakuwa mbali. Mama lazima alikuwa amejipenyeza mpaka mbele kabisa. Rais akanyamaza, kama mama anavyosema siku zote, nami nikajikuta nimesimama, nimeshika meza.

"Aah, huyo mtoto naye!" Rais akasema. "Mama, kama mwanao ana hotuba yake, akaitolee nyumbani. Mtoeni, mtoeni nje huko, tuendelee."

Umati ukacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha watu waliosimama juani na waliokuwa wakitafuta chochote cha kuchekea. Kilio kikawa kinasogea mbali, kikaendelea kusikika chini ya bajeti ya mwaka, kisha kikapotea.

Neno kivuli halikuwamo. Nilirudisha kanda tena na tena, kana kwamba nikilibembeleza litakuja.

Kwa hiyo mzaha niliupata. Mzaha ulikuwa mama yangu. Nikifuata kanuni ya ofisi, maneno yale yanaingia kitabuni na Shangazi anayasoma kwa sauti sebuleni. Nikifuta kicheko, mama atalitafuta tukio lake kwenye ukurasa na hatalikuta. Niliwaza hata kuandika maneno yake mama: mpisheni mama huyo akakae kivulini. Yangekaa vizuri. Yangempendeza hata Rais. Vidole vilikuwa juu ya vibonyezo vya kompyuta, nikaviondoa, nikavikalia.

"Umeupata?" Mzee Nukta aliuliza akipita.

"Bado natafuta, mzee."

Nyumbani nilikuwa nawahi kulala. Mama akauliza kuhusu mabomba, nikajibu bado; kesho yake akauliza tena, nikajibu bado. Siku iliyofuata hakuuliza. Alinitazama akiwa anakausha miguu, akasema, "Umefika."

"Mama..."

"Hujawahi kujua kunidanganya. Hata ulipovunja lile birika ulilia kabla sijaliona. Niletee nisikie mwenyewe."

Jumamosi mchana Shangazi alikwenda dukani. Nilikuwa nimeinakili sehemu ile kwenye simu. Mama aliosha mikono kwanza, kama anayekwenda kupokea chakula, akaketi karibu na dirisha.

"Haiko kama unavyosimulia," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno hata mwenyewe sikuisikia vizuri.

"Washa."

Nikawasha, nikautazama ukuta. Visima. Mabomba. Mtoto. Rais. Watu wakicheka. Ilipokwisha nikaogopa kugeuka.

"Rudisha," mama akasema.

Nikarudisha mpaka pale Rais anaposema mtoeni.

"Si hapo. Nyuma zaidi."

"Kwenye visima?"

"Mwanangu, achana na Rais. Mtoto."

Nikampigia kile kilio peke yake. Mama aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya akidondoshea pasi tone la maji kusikia imepata moto kiasi gani. Akaniashiria nirudie. Nikarudia.

"Huo ni usingizi," akasema.

"Nini, mama?"

"Analilia usingizi. Hebu sikia anavyoivuta sauti, halafu anaikata, halafu anaivuta tena. Njaa haikatiki hivyo. Na mtoto mwenye homa hana nguvu hizo, analia chinichini. Miaka yote hii najiuliza kama alikuwa ameshaanza. Kama nilimbeba mgonjwa nisijue. Ungeniuliza alikuwa analiaje, nisingeweza kukwambia. Sauti yake ilikuwa imenitoka kabisa."

Nikarudisha tena. Tulikuwa tunasikiliza mara nyingine Shangazi alipoingia na mfuko wake wa sukari.

"Mnasikiliza nini? Redio?"

"Kaa, wifi," mama akasema. "Msikilize mtoto wa kaka yako."

Shangazi alitutazama mmoja mmoja kuona kama tunamfanyia mchezo. Kisha akaketi, mfuko mapajani. Mama alinipa ishara niweke yote, tangu visima, na nikaiweka yote, mpaka kicheko, mpaka bajeti.

"Hapakuwa na kivuli," mama akasema. "Nilikisimulia mpaka nikakiamini mwenyewe. Nilitolewa mpaka barabarani, nikarudi nyumbani kwa miguu, na jua lilikuwepo. Umekuwa ukiniuliza. Basi ndiyo hivyo."

Nilisubiri. Shangazi aliingoja sentensi ile maisha yangu yote, na sasa ameletewa bila hata kuidai. Nilimwona akifungua mdomo. Lakini alikuwa anaitazama simu, si mama.

"Alikuwa na sauti kubwa hivyo?" akasema. "Nilikuwa nimesahau." Akaufunga mfuko wa sukari uliokuwa umefungwa tayari. "Na huo ni usingizi, huo. Mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza ukienda kazini. Akianza kuvuta hivyo, unamlaza begani, unampigapiga mgongo, kwisha habari."

Mama akafunika uso kwa mikono yake miwili. Mikono ya mpiga pasi ni mikavu. Niliisikia ikikwaruza mashavu.

Shangazi akanyanyuka, magoti yakilia. "Bomba limetoa maji leo?"

"Wapi," nikajibu.

"Basi chai ya maji ya ndoo. Kaeni, nitapika mimi." Mlangoni akasimama, amegeuzia mama mgongo. "Wifi, kwa miguu mpaka nyumbani? Na mtoto yule mzito?"

"Kwa miguu."

"Mh," akasema, akaenda jikoni. Tulimsikia akigonganisha sufuria zaidi ya ilivyohitajika.

Jioni hiyo mama hakulowesha miguu. Alikuwa amejilaza kwenye kochi, nami nilidhani amesinzia, aliposema, "Kwenye hicho kitabu usiniandike mimi. Na maneno yale ya Rais usiyaandike, mzee wa watu, alikuwa amechoka kama sisi. Andika kwamba mtoto alilia."

"Sijui kama watanikubalia, mama."

"Wewe andika."

Jumatatu nilimpelekea Mzee Nukta ukurasa. Mitambo ilikuwa imezimwa kwa matengenezo na chumba kilikuwa kimya hata tukaona aibu kuzungumza. Alisoma akifuatisha kwa kalamu nyekundu, akafika kwenye mabomba, kalamu ikasimama.

"Mtoto analia," akasoma mahali palipokuwa na Kicheko. "Mzaha je?"

"Hapakuwa na mzaha, mzee."

"Binti, mabano yetu yana makofi, yana vigelegele, yana kicheko. Mtoto hayumo."

"Kwenye kanda yumo."

Sijawahi kumjibu hivyo. Alininyanyulia macho juu ya miwani.

"Na Rais alisema nini?"

"Alisema mama wa mtoto atolewe nje. Ndipo watu wakacheka."

Mzee Nukta akaegemea kiti. Akautazama mrundo wa kurasa ambazo bado hajazigusa, ambao ulikuwa umefika usawa wa bega lake.

"Tukiyachapa hayo, nitaitwa," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Tusipoyachapa, tumedanganya kidogo."

"Ndiyo, mzee."

"Si mara ya kwanza." Akaishusha kalamu mpaka kwenye yale mabano. Kalamu ikakaa pale, ncha yake ikiacha kitone chekundu kidogo juu ya karatasi. "Kwani huyu mtoto ni wa nani hata akuhangaishe hivi?"

Ningeweza kumwambia. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Wa mama mmoja, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na alikuwa analilia nini?"

"Usingizi."

Mzee Nukta akavua miwani, akafikicha macho, akaivaa tena.

"Hata mimi," akasema, akageuza ukurasa bila kuyafuta mabano.