Soli za Noeline

Nitaanza na viatu, kwa sababu aibu yangu ilianzia miguuni.

Vilikuwa viatu vya kuvulia, vya ngozi, vinapanda mpaka juu ya kifundo, na chini vimepigwa soli za sufu nene iliyoshindiliwa. Sufu haitelezi juu ya mawe ya mtoni. Mke wangu Noeline alizibandika soli hizo kwa mikono yake, akazizungushia mshono wa uzi wa matandiko ya farasi, majira yale yale ya baridi aliyofariki. "Haya, sasa ukianguka majini usije ukanilaumu mimi," aliniambia. Alipozidiwa, gari la wagonjwa lilichukua saa mbili na nusu kufika, maana wakubwa walikuwa wameshaifunga hospitali yetu ndogo. Hilo sijawasamehe mpaka leo. Lakini safari hii siandiki makosa yao.

Soli za sufu zimepigwa marufuku miaka mingi. Sufu inanyonya maji, haikauki upesi, na humo ndani yanajificha makamasi. Makamasi ndivyo tunavyoyaita sisi: ule uchafu wa kahawia unaoota juu ya mawe mtoni, ukaufunika mto mzima kama blanketi lililolowa. Tone moja linatosha kuyahamisha. Mto wetu mkubwa, Aruhe, umeshaliwa. Kwa hiyo idara ya mito ikatoa amri: ukitoka mto mmoja, osha kila kitu kwa sabuni, kausha siku mbili kamili, ndipo uingie mto mwingine. Mimi niliona huo ni upuuzi wa watu wa ofisini. Waliyaacha wao yaingie nchini, na helikopta zao za kubebea matajiri wa ng'ambo, halafu waje kuniamrisha mimi nioshe viatu? Mimi niliyeacha shule nina miaka kumi na minne nikaenda kukata manyoya ya kondoo, ndiye nifundishwe mto na mtoto mwenye tai?

Basi ikafika Oktoba ya mwaka juzi, Jumamosi ya kufungua msimu. Mierebi imechipua majani mabichi, wana-kondoo wanalia kila upande, maji ya theluji bado yanauma mifupa. Nilikwenda Aruhe na Bevan Stirk, ambaye tulikata manyoya pamoja miaka ishirini katika mabanda yale yale. Kila mwaka siku ya kufungua tunakwenda, hata mvua inyeshe ya mawe.

Hakukuwa na uvuvi. Kila nikirusha mshipi, nzi wangu, ile ndoano ndogo iliyovishwa manyoya ya ndege, anarudi amevaa makamasi.

"Huyo mkubwa!" Bevan akapiga kelele kutoka ng'ambo. "Mpige picha kabla hajayeyuka!"

"Nakuwekea wewe ule kwa mkate."

"Nimeshaoa mpishi mbaya, inatosha." Akasogea karibu, maji yanamfika mapajani, akaitazama miguu yangu. "Ewan. Bado unavaa hizo slipa?"

"Kaniachia mke wangu. Kuna mtu ana neno?"

"Kesho unakwenda kule kwenye kijito?"

"Kila mwaka naenda."

"Basi zioshe, rafiki yangu. Hapo sikutanii."

"Umeajiriwa lini na idara, afisa Stirk?"

Akanigeuzia mgongo, akarudi kuvua. Bevan akikugeuzia mgongo ujue umemuudhi, lakini sikujali.

Jioni nilipofika nyumbani ndoo ilikuwa pale pale uani, sabuni pembeni yake. Hilo nataka lieleweke. Sikusahau. Nilisimama nikaviangalia viatu, nikasikia masikioni ile sauti ya tangazo la redio, osha, kausha, osha, kausha, nikasema potelea mbali. Nikavitupa nyuma ya pikapu, nikavuta turubai juu yake, nikaingia ndani kuchemsha viazi.

Jumapili ilikuwa ya Noeline. Kijito cha Dunlea kiko nyuma ya kilima, chembamba, maji yake safi kiasi kwamba ukimwona samaki trauti amelala chini unahesabu madoa yake. Ndiko alikotaka majivu yake yaende, na ndiko nilikoyamwaga, kwenye kidimbwi kilicho chini ya mwerebi uliopinda. Njia ya kufika huko ni moja, inapita darajani, na pale darajani idara walikuwa wameweka geti.

Getini alikuwepo Mereana. Huyu ni mjukuu wa Anti Ruihi, mama wa Kimaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, anayekaa chini ya kilima. Ukoo wao umekuwa ukichuma mboga za majini na kutega mikunga katika kijito kile tangu kabla babu zangu hawajaota kupanda meli. Mereana alipokuwa mdogo, Noeline ndiye aliyemfundisha kurusha mshipi, kwenye uwanja wa shule, kipande cha uzi mwekundu mahali pa ndoano. Sasa alikuwa na koti la idara, limemzidi, mikono ameikunja mara mbili.

"Anko Ewan! Nilisema tu, huyu lazima aje leo."

"Wamekufunga hapa kama mbwa?"

"Mbwa ana banda, Anko. Mimi nina ndoo."

Nikacheka. Akachukua karatasi yake. "Haya, lazima niulize. Jana ulivua wapi?"

"Sikuvua. Nilishinda nyumbani."

Uongo ule ulitoka bila kugonga jino. Akatazama nyuma ya pikapu, kidogo tu.

"Na viatu vyako vimekauka?"

"Vimekauka kuliko koo langu. Hiyo themosi ina chai au umeiweka pambo?"

Akanimiminia kikombe. Nikanywa nimeegemea mlango wa gari, tukazungumza habari za Noeline, jinsi alivyokuwa akimkemea: kiwiko, mtoto, kaza kiwiko! Kisha akafungua geti. "Pita, Anko. Nisalimie Anti Noeline."

Na mimi nikapita.

Siwezi kusema kwamba siku ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri, ndiyo maana inaniuma. Nilivaa viatu vyangu vilivyolowa, nikaingia majini chini ya kidimbwi, nikapanda taratibu nimeinama, mgongo ukinilalamikia. Chini ya mwerebi kulikuwa na trauti mmoja akila vidudu juu ya maji, anachomoza pua, anafyonza, anazama, kama mzee anayekunywa supu. Nilimfunga nzi wa mwisho katika kijisanduku cha Noeline, aliyetengenezwa kwa unyoya wa kuku wetu wa madoadoa. Mara ya kwanza nilirusha fupi. Ya pili ikakaa hatua mbili mbele yake, ikateremka na maji, na pua ile ikachomoza ikamchukua. Nilipigana naye dakika tano. Alikuwa wa manjano kama siagi, tumbo limejaa. Nikamshika ndani ya maji mpaka akapata pumzi, nikamwachia.

Nilisimama pale muda mrefu, soli za Noeline juu ya changarawe yenye majivu ya Noeline. Nikamweleza habari zote za mwaka, na wakubwa nikawatukana kwa niaba yetu sote wawili.

Machi iliyofuata Anti Ruihi aliinama kuchuma mboga zake chini kidogo ya kidimbwi kile, mkono ukatoka na kamba ya kahawia. Alisimama akapandisha kijito mguu kwa mguu akitazama mawe. Makamasi yaliishia kidimbwini. Kutoka kwenye mwerebi kwenda juu, mawe yalikuwa safi.

Ukaitwa mkutano, Jumatano alasiri, ukumbi wa kijiji. Mkubwa wa idara alikuja kutoka mjini na picha zake za ukutani. Ukumbi ulijaa. Huyu analaumu watalii, yule analaumu wapiga kasia, mwingine bata. Mimi nilikuwa nyuma pamoja na Bevan, mahali pangu pa siku zote, na nitasema ukweli: nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu nilipoiona picha ya kwanza na ule mwerebi uliopinda. Mtu mwingine angenyamaza tu, na hata hilo lingekuwa baya. Mimi nilifanya nini? Nilisimama.

"Nyinyi ndio mlioyaleta!" nikapaza sauti. "Mnafunga geti, mnabandika vibao, halafu mnaweka watu pale wanakunywa chai tu! Nani alikuwa kazini? Nani ameadhibiwa? Hamna! Siku zote hamna!"

Watu wakapiga makofi. Nilizoea makofi yale. Na pia nilizoea majibu ya wakubwa, yale ya tutalifanyia kazi. Lakini safari hii yule bwana akavua miwani.

"Mzee una haki ya kuuliza," akasema. "Njia ni moja na geti ni moja. Karatasi za msimu mzima zinaonyesha kila gari lilikuwa safi. Maana yake ukaguzi haukufanyika. Afisa aliyekuwa pale hataendelea na kazi."

Hakutaja jina. Hakuna aliyehitaji jina. Vichwa viligeuka vyote kuelekea meza ya chai, ambako Mereana alikuwa anakata skonzi pamoja na bibi yake. Alikiweka kisu chini. Akanitazama, si kwa hasira, ningependelea hasira. Kisha akachukua sinia akaendelea kupanga.

Bevan akanong'ona, "Zile slipa, Ewan."

"Nyamaza."

"Sema sasa. Bado kuna nafasi."

"Nimesema unyamaze."

Nikakaa hapo mpaka mwisho, na nikatoka bila kunywa chai, kwa kuwa ingebidi niipokee mkononi mwa Mereana.

Siku tatu sikula kitu cha maana. Nilijaribu kuwalaumu wakubwa, kazi niliyoizoea, na ikagoma. Kila nilikoanzia niliishia kwenye ndoo ya uani. Siku ya nne nilikwenda kwa Anti Ruihi. Mereana alikuwa anaanika nguo.

"Mereana, mwanangu, nimekuja kukuambia jambo."

"Nalijua, Anko."

"Hulijui."

"Niliviona." Alikuwa na vibanio mdomoni, akavitoa kimoja kimoja. "Turubai halikufika mwisho. Barabara ilikuwa kavu, na nyuma ya pikapu lako maji yalikuwa yanadondoka, tone, tone, muda wote tulipokuwa tunakunywa chai."

Sikuwa na mahali pa kuweka mikono yangu.

"Mbona ulinipitisha?"

"Nilikuuliza, ukanijibu. Na ulikuwa unakwenda kwa Anti Noeline. Nikajiambia, hawezi kumfanyia yule hivyo. Labda alivimwagia maji ya sabuni asubuhi hii, ndiyo maana vinadondosha." Akatundika shati. "Nilitaka iwe hivyo, basi."

"Na mkutanini? Mbona hukunitaja?"

"Wewe ndiye uliyekuwa umesimama, Anko. Nilidhani umesimama kusema."

Nililia. Mzee wa miaka sabini na moja, nimeshika shuka la watu lililolowa. Anti Ruihi akatoka mlangoni akiwa na aproni.

"Ewan, achia shuka langu, nimelifua sasa hivi."

"Anti, nisamehe."

"Mimi usiniombe kitu. Na huyu pia usimwombe kitu. Ulipiga kelele wapi?"

"Ukumbini."

"Basi kaseme huko huko. Na sauti iwe ile ile, usije ukanong'ona."

Jumatano iliyofuata idara walirudi kueleza watakavyokifunga kijito kwa wavuvi. Nilikwenda na viatu ndani ya gunia la unga. Nilipita katikati ya viti, safari hii mpaka mbele, nikavitoa nikaviweka juu ya meza ya mkubwa, soli juu. Mshono wa Noeline ulikuwa bado umekaza. Nikasema: ni mimi, siku fulani, nilitoka Aruhe, ndoo ilikuwepo na sabuni ilikuwepo, na binti huyu nilimdanganya machoni. Sikunong'ona. Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia mtu mmoja akivuta kiti chake mbali na njia nitakayopita.

Wakanikataza kuvua mto wowote miaka mitano. Ni haki. Viatu walivichoma, sheria ndivyo inavyosema, na Mereana walimrudisha kazini. Makamasi hayakurudi yalikotoka. Sasa yamefika mpaka mashamba ya chini, na Anti Ruihi hachumi tena mboga pale. Nikimsalimu anataja jina langu tu, kisha anapita.

Mwaka huu, Jumapili ya kwanza ya msimu, nilikwenda kumwona Noeline. Sikubeba fimbo ya kuvulia wala mshipi, nyuma ya pikapu niliweka gamubuti mpya za mpira ambazo hazijawahi kugusa maji. Geti bado lipo, kwa ajili ya vijito viwili vya juu ambavyo vimepona. Koti la Mereana sasa linamkaa vizuri.

"Jana ulivua wapi?" akaniuliza.

"Sikuvua. Nilishinda nyumbani."

Nilisikia maneno yenyewe yakitoka, neno kwa neno yale yale, na safari hii yalikuwa kweli. Aliyaandika. Kisha akazunguka nyuma ya pikapu, akalishika turubai kwa mikono miwili, akalikunjua lote mpaka mwisho. Akainama akapapasa sakafu ya bati kila pembe, akageuza gamubuti zangu moja moja, akazitazama soli. Mimi nilisimama kando, kofia mkononi.

Akafungua geti.

Themosi ilikuwa juu ya ukuta wa daraja, imefunguliwa, inatoa mvuke. Chai hakunipa.