Nadhiri Juu ya Dungu

Haya ni kweli tupu. Naapa kwa kofia niliyostaafu nayo reli na kwa jino langu lililobaki: nikikutwa nimetia chumvi hata punje moja, nipandishwe dungu la shamba la kanisa, niamie ndege siku tatu, nikipiga kelele tangu jua linachomoza mpaka linazama. Kijiji kizima cha Haneti kimesikia. Haya.

Mmisionari Thobias alitumwa kwetu kutoka Makambako, nchi ya baridi, mahindi na viazi. Dini alikuwa nayo, tena ya kweli. Shida yake mdomo. Hasira ikimpanda, mbwa wa kijiji cha pili walibweka. Jumapili moja Mama Devota aliingia ibadani amechelewa, kanga imelowa mgongoni. Thobias akakatisha mahubiri.

"Mama! Mungu hangoji mpaka umalize umbea wako kisimani!"

Kanisa zima likageuka. Mama Devota alikwenda nyuma, akaketi, akafuta maji yaliyomchuruzika shingoni.

Thobias aliporudi nyumbani akakuta ndoo mlangoni, imejaa, imefunikwa vizuri na sahani. Zamu ya kumchotea mgeni maji wiki ile ilikuwa ya Mama Devota, na foleni ya kisima ilikuwa ndefu. Aibu ilimshika. Je, alikwenda kwa mama yule? Hakwenda. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu, macho chini, akaweka nadhiri: tangu siku ile mpaka mavuno, hatapaza sauti kwa mtu wala kwa mnyama.

"Nikishindwa, nafunga mizigo narudi kwetu. Asiyeweza kuchunga mdomo wake atachunga kundi gani?"

Wakulima wakaguna. Uwele ulikuwa umeanza kutoa masuke, na yule mtu wa viazi hakujua hilo maana yake nini.

Wiki ya tatu Mama Devota alimfuata mlangoni. Yeye ndiye aliyepanga zamu za shamba la kanisa, ekari mbili za uwele ambao wajane na wazee hula miezi ya njaa.

"Shikamoo, mama," alisema Thobias.

Shikamoo ikabaki hewani, kama zilivyobaki zote tangu siku ya ndoo.

"Kesho ni zamu yako kuamia ndege. Dungu la mashariki. La magharibi lina mtu wake."

"Kuamia ndiyo kufanya nini?"

"Kupiga kelele," alisema Mama Devota, na hapo ndipo alipotabasamu.

Kulipopambazuka kweleakwelea walishuka kama moshi uliopotea njia. Thobias alipiga makofi. Akarusha madongoa. Akavua koti, akalipunga. Ndege mmoja alitua kwenye kofia yake, akainama, akamtazama machoni. Ndege wa kwetu haogopi makofi, anaogopa matusi.

Mama Devota alikuwa ameketi kando ya shamba na jirani yake Emilia, wanakula karanga.

"Mmisionari, unawabariki?" aliuliza Emilia.

"Mwache," alisema Mama Devota. "Anawaombea wasivimbiwe. Makelele yake ni ya wanawake wenye ndoo kichwani. Ndege anawaheshimu."

Thobias aliuma meno. Akipaza sauti, kesho yuko kwenye basi. Akinyamaza, suke moja baada ya jingine linabaki kijiti, na wajane watakula nini? Akawatazama wale ndege: ukiwafukuza hapa, wanatua pale. Akaona dhambi zake ndivyo zilivyo. Alizifukuza ulimini, zikaenda kutua kwenye kiburi. Wiki tatu watu walikuwa wakiusifu upole wake, naye alikuwa akivimba kama andazi. Na kwa upole huohuo alimpita mama yule kila siku bila kumpa neno moja alilostahili. Nadhiri alimpa Mungu, na Mungu hakuwa amebeba ndoo.

Akasimama. Dungu likalia.

"MAMA DEVOTA! NISAMEHE!"

Ndege wote wakaruka.

"NILIKUTUKANA MBELE ZA WATU! NA MAJI YENYEWE YALIKUWA YANGU!"

Mama Devota alimenya karanga nyingine. "Sijasikia vizuri. Na kona ile bado wamejaa."

Thobias akageukia kona ile, akaomba radhi upya. Akaomba mpaka saa sita, akaomba mpaka jua likalala, sauti imebaki kama mlango mbovu. Wale ndege walikimbia hadi kijiji cha Mlali, na walipotua huko wakawa wanalia nisamehe, nisamehe, hata mtu mmoja aliyeiba ng'ombe wa kaka yake akamrudisha mwenyewe.

Thobias aliteremka, akaelekea kufunga mizigo. Mzee Bartolomayo wa kanisa akamuunga mkono. "Nadhiri ni nadhiri, mwanangu."

"Haendi popote!" alifoka Mama Devota. "Kavunja hapa, atalipa hapa. Makambako atakuwa anapumzika."

"Basi umenisamehe, mama?"

"Nani kasema? Uwele umevunwa? Kesho saa kumi na mbili."

"Shikamoo, mama," alisema Thobias kwa sauti ya kukwaruza.

Mama Devota alikung'uta maganda ya karanga.

"Marahaba. Na uje na kombeo."

Ningeishia hapo, lakini kiherehere kilinituma nikamsomee Mama Devota mwenyewe haya niliyoandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Ndege walifika Mlali?"

"Walifika, mama. Watu waliwaona."

"Hawakufika Mlali. Walifika dungu la magharibi, wakala mistari saba, na mlinzi wake amelala chali, kajifunika uso kwa kofia ya reli. Hiyo kofia ya nani, mzee?"

Niliivua, nikaificha nyuma ya mgongo.

Maneno haya ya mwisho nayaandikia juu ya dungu, siku ya pili kati ya zile tatu nilizoapa, koo limenikauka. Mmisionari Thobias yuko chini, anatafuna karanga pamoja na Mama Devota na Emilia.

"Paza sauti, babu," ananiambia kwa upole. "Kona ile bado wamejaa."