Kinoo cha Mzee Clemensi

Silvanus alikiona kinoo hicho mnadani Karatu, kati ya misumeno yenye kutu na patasi zisizo na mipini, juu ya turubai la Mama Antonia. Mtu mwingine angedhani ni kipande cha tofali kilichoganda grisi. Yeye alikigeuza, akakwangua ubavu kwa ukucha, na mshipa mwekundu ukajitokeza kwenye jiwe la kijivu. Akalijua hapo hapo. Mzee Clemensi, mume wa mama huyo, aliliokota korongoni Rhotia enzi za ujana wake, akalichonga mwenyewe, na ndilo alilomfundishia Silvanus kunoa.

Miaka minane iliyopita Silvanus aliihama karakana ya useremala ya mzee na kuondoka na wateja wote wa lodge za watalii waliokuwa wakiagiza vitanda. Hakuaga. Karakana ikafa, na mwaka jana kiharusi kikamwangusha mzee.

"Mzee anajua mnauza vifaa vyake?"

"Hajauliza," alisema Mama Antonia bila kumtazama.

Silvanus akalinunua. Alililoweka kwenye mafuta ya taa siku mbili, akalisugua kwa brashi na sabuni hadi maji yakaacha kuwa meusi. Katikati lilikuwa limeliwa, limebonyea vibaya. Akachora mistari ya penseli uso mzima, kisha akalisugua kwenye sakafu ya saruji aliyoimwagia maji na mchanga uliochekechwa. Mistari iliyobaki ilimwonyesha bonde lilipo. Akachora tena, akasugua tena, siku tatu, vidole vikachubuka. Mstari wa mwisho ulipofutika alinoa kisu cha randa, kikanyoa vinyweleo vya mkono wake. Akaamini amepata pa kuanzia kuomba msamaha.

Jumapili baada ya ibada alipanda bodaboda hadi Rhotia. Mzee alikuwa amelala kiubavu, mdomo umepinda, mkono mmoja tu ndio uliokuwa ukimtii. Silvanus alimwamkia, akamweleza alichomletea, akakiweka kiganjani mwake. Kidole gumba kilitembea polepole juu ya jiwe, kikarudi katikati, kikawa kinatafuta.

"Bonde lake liko wapi?" Maneno yalitoka kwa kukwama.

"Nimelisawazisha, fundi. Sasa linanoa vizuri."

Mzee aliondoa kidole juu ya jiwe.

"Miaka arobaini nimelichimba kwa mkono huu," alisema. "Hata hilo umelichukua."

Silvanus alipiga magoti, akayasema yote aliyopaswa kuyasema miaka minane nyuma. Mzee aligeukia ukuta. Mwishowe Mama Antonia akamwomba atoke, mgonjwa apumzike.

Wiki ya tatu baada ya hapo mzee akafariki. Silvanus alituma ujumbe kwamba atatengeneza jeneza bure. Watoto wa marehemu wakamjibu limeshaagizwa Arusha. Kwenye mazishi alisimama nyuma ya watu. Jeneza lilikuwa la mbao laini, kona zake hazikukutana, vanishi ilikuwa bado inanata. Liliposhushwa, wanaume wakaanza kupokezana koleo. Silvanus alinyoosha mkono mara mbili. Koleo likampita.