Chai ya Kikao

Mwiko wa jiko la shule si kijiko cha chai, jamani. Ni mrefu kama mpini wa jembe, na usipoujulia unakutegua bega. Asubuhi hiyo Mama Mwiko, ndivyo wanafunzi walivyomwita mpishi wao, alikuwa anageuza maharage na mwiko unagonga sufuria, ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi. Haukuwa mwiko. Ilikuwa mikono. Pombe ukiiacha, mikono ndiyo ya kwanza kuililia.

Kuiacha alishaiacha. Alianza kunywa alipomzika mume, kidogo ya kulalia, halafu ya kuamkia, mnajua mambo haya yanavyopanda ngazi. Siku moja akamsahau binti yake mdogo getini mpaka giza likaingia. Wifi yake, dada wa marehemu, fundi cherehani mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, akamchukua mtoto.

"Atarudi siku nitakayokuona umekaa kwenye kikao cha wanaoacha pombe, na walevi wenzako, unasema yako," alimwambia alfajiri hiyo. "Leo jioni nitapita pale ukumbi wa mtaa wanapokutana nikuone kwa macho yangu. Maneno ya mlevi ni upepo."

"Utanikuta, wifi."

"Nitakukuta na chupa."

Ukumbini penyewe aliwahi kusikia ni pa wanaume watupu, kwa hiyo alipotoka kazini akaona ajaribu kwingine kwanza, huenda wifi akakubali. Akaenda zahanati. Nesi alikuwa anafunga dirisha.

"Ushauri wa pombe ni asubuhi."

"Asubuhi napika, dada. Watoto watakula nini?"

"Sasa mimi nikubebe? Chagua, sufuria au ushauri."

Dirisha, pa!

Akapita nyumba ya ibada, akakuta kina mama wanafagia. Walimpokea vizuri mpaka akashangaa. Kumbe!

"Siku ya ibada utasimama mbele, tunakupa kipaza sauti, unamwaga yote," kiongozi wao akasema, macho yanamng'aa. "Wazazi wa shule yenu wote watakuwepo. Patanoga!"

Mpishi akaiona kazi yake inavyoondoka na kile kipaza sauti. Akaaga.

Ikabaki ukumbi wa mtaa. Aliingia jua linazama. Viti vya plastiki vimepangwa duara, wanaume wamekaa, na mwenyekiti wao, dereva wa lori mstaafu, kajaza kiti mpaka kinalia.

"Umemfuata nani, mama? Mumeo yupi hapa?"

"Nani katoroka nyumbani, jamani? Ajisalimishe!" mmoja akadakia, wakacheka.

"Sijamfuata mtu."

"Ahaa, umeletwa kwa chai! Karibu, makoo yamekauka. Birika lile pale."

Na hapo ndipo alipokosea. Mpishi ukimwonyesha birika, mkono unatangulia, akili inafuata nyuma inakimbia. Alishalishika kabla hajafikiri. Akamimina kikombe, akamimina kingine, huku moyoni anasema nikimaliza nitakaa, nikimaliza nitasema. Msimcheke. Maisha yake yote watu wakikaa, yeye ndiye anasimama.

Alipofika kwa mwenyekiti, mkono ukacheza. Chai ikamwagikia suruali.

"We mama! Umelewa?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mtetemeko ule kila mtu mle ndani anaujua, ulishamlaza macho usiku. Fundi viatu, mzee mpole, akauangalia ule mkono, akasema taratibu, "Huyu si wa chai. Huyu ni mwenzetu."

Mpishi akaweka birika chini, akavuta kiti, akakaa.

"Hapana," mwenyekiti akasema, anajifuta. "Mwanaume akilewa ni ugonjwa. Mwanamke ni tabia. Tena humu tunatoa ya moyoni, mbele ya mwanamke nani atatoa?"

"Basi msitoe. Mimi nitatoa yangu."

"Kakae nje."

"Mwenyekiti, mwanangu yuko kwa wifi. Wifi anakuja sasa hivi kuniona nimekaa na nyinyi. Niacheni nikae tu."

"Mambo ya mawifi mmalizane jikoni."

Hakunyanyuka.

"Haya, kikao kimefungwa!"

Wakatoka, viti vinakwaruza sakafu. Fundi viatu akachelewa kidogo, akamtazama. Kisha naye akawafuata, kikombe mkononi.

Wifi alipishana nao mlangoni. Akaangalia viti, akaangalia birika.

"Wenzako wako wapi?"

"Ndio hao umepishana nao."

"Kwa hiyo ulikuja kuwapikia chai." Akacheka puani. "Nilijua tu."

Mpishi aliikalia mikono yake ili itulie, akavigeukia vile viti vitupu.

"Mimi ni mpishi wa shule," akaanza, kwa ile sauti yake ya kuwaita watoto foleni, mpaka wanaume waliosimama nje wakageuka. "Nilimsahau mwanangu getini kwa sababu nilikuwa nimelewa."

Wifi hakukaa. Lakini mkoba aliokuwa ameubana kwapani akaushusha, akauweka sakafuni.