Kaseti ya Mzee Rutaihwa

Jumamosi saa nne asubuhi Joyness alikuwa Kashai kwa Anatory, fundi simu, ananunua kidude cha blutuuthi cha kuchomeka kwenye wokmani ya marehemu baba yake. Wokmani yenyewe ilikuwa na tundu la spika za masikioni tu, kwa hiyo mzee Rutaihwa, ambaye sauti yake ilibaki kwenye kaseti iliyokuwa ndani, alisikika kwa mtu mmoja mmoja. Joyness alitaka ukoo mzima umsikie kwa pamoja, maana alasiri hiyo walikuwa wanakaa kikao cha kurithisha kibanja, shamba la ukoo.

"Chomeka hapa, subiri taa ya bluu," Anatory alimwelekeza. "Ila wokmani haina pa kuchagulia spika. Kidude kitashika yoyote kitakayoiona."

Kikashika zote. Saa tisa, kijijini kwao Izimbya, Joyness alipobonyeza, mzee Rutaihwa, aliyezikwa mwezi wa tatu, alisikika kwenye spika iliyoazimwa kanisani, kwenye redio ya baa, kwenye simu za wazee mifukoni, na kwenye bodaboda iliyokuwa inapita. Wanawake wakapiga magoti kumwamkia, "Kaboneka, waitu," naye akawaitikia kwa majina, akamuuliza Felicitas kama mguu umepona. Akajibiwa bado.

Kisha akasema kilichomleta. Kibanja, kahawa na nyumba ni vya Joyness, aliyemuuguza miaka minne. Kahigi, mdogo wake yeye mzee, asiviguse.

Kahigi akammiminia kaka yake rubisi, pombe ya ndizi, akaiweka mbele ya spika. Wote wakasikiliza kwa adabu mpaka upande wa kwanza wa kaseti ukaisha na wokmani ikajizima. Mkubwa hakatizwi. Ndipo wakaamua.

"Sauti ni yake, hatubishi," alisema Kahigi. "Lakini mtoto wa kike ataolewa, na kibanja cha ukoo hakiolewi."

"Hapo kweli," wazee wakaitikia.

"Baba mdogo, bado upande wa pili," Joyness akasema.

"Tumemsikia, mwanangu. Tusimchoshe marehemu."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo tunavyosema. Loo! Wale waliishia kwenye kunyonga.

Joyness moyo ulimuuma hata kulia akashindwa. Sasa kibanja ni cha Kahigi, na Joyness amepanga chumba Kashai, nyuma ya duka. Jioni akiugeuza upande wa pili, spika za mtaa mzima huanza kuongea, na majirani huzima miziki yao ili mtu azungumze na baba yake. Mzee hakuwapo walipoamua, na Joyness hajapata mdomo wa kumwambia.

"Umepalilia?"

"Nimepalilia, taata."

Juzi mzee akaomba asikie migomba yake ikipigwa na upepo. Joyness akatoka uani na gazeti kuukuu, akalitikisa taratibu mbele ya wokmani, machozi yakimtoka.

Mzee akasikiliza kwa muda.

"Mbona majani makavu hivyo? Jua limekuwa kali?"

"Kali sana, taata," alisema Joyness, akaendelea kutikisa.