Maua ya Ubao wa Sinema

Mwalimu Mzungu alimkabidhi mwanafunzi wake Hashil ubao mweusi, brashi na kopo la chokaa, na maneno ya kuandika: juu, MBU WA MSIMBAZI, chini katikati, jina lake yeye mwalimu. Hayo ndiyo yangetangulia sinema ya shule ikionyeshwa Mnazi Mmoja.

"Na waliocheza, Bwana?"

"Andika, 'Wanafunzi wenyeji.' Inatosha."

Hakuwa katili mwalimu yule. Ukiugua, kwinini angekunywesha kwa mkono wake. Lakini kwake watoto wa watu walikuwa mafiga: yanabeba chungu, nani ayaulize majina? Mbaruku ndiye aliyetumbukia dimbwini Msimbazi, akatolewa, akatumbukia tena mpaka picha ikampendeza bwana. Polycarp, Mchaga wa Kilimanjaro, ndiye aliyetetemeka homa ya uongo hadi ikampata ya kweli. Wenyeji! Polycarp Dar es Salaam hakuwa na hata shangazi.

Na Hashil alikwisha kuahidi. Bi Siwema, mama yake Mbaruku, muuza vitumbua pale Kariakoo, alimwambia, "Hata ngoma, mwanangu, haikolei mpaka waliomo watajwe. Jina la Mbaruku nitaliona?"

"Utaliona, mama," akajibu upesi, kama baba yake dukani anavyoahidi kitambaa ambacho meli haijakileta.

Tena kuliona kwenyewe kulikuwa na kazi. Bi Siwema herufi za shule hakuzijua. Alikhitimu msahafu kabla ya kuolewa, na barua zake za Kiswahili aliziandika kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa pwani walivyoandikiana zamani na zamani, kabla hawajaja hao kutuambia hatujui kusoma.

Mwalimu akarudi, akautazama ubao. "Pembeni pamekaa uchi. Tia urembo. Yale maua yenu ya kwenye milango."

Hashil akainama asionekane uso. "Maua, Bwana? Nitatia."

Akayatia kuzunguka ubao mzima, majani yakishikana mikia. Mbaruku, aliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani, akaziba mdomo kwa kiganja. Polycarp akakunja uso.

"Mimi nimo?"

"Umo. Hapa, jani linapopinda."

"Nitajuaje? Kwangu mimi hii ni minyoo. Labda umeniandika punda."

"Punda ni neno fupi. Wewe umenimalizia chokaa."

Mwalimu alipokuja na mashine yake ya picha, akasimama mbele ya ubao muda mrefu. "Haya yana maana yoyote?"

Mbaruku akakohoa.

"Ndiyo, Bwana," Hashil akasema. "Kwetu ua halichorwi bure."

Mwalimu akacheka, akaupiga picha.

Siku ya siku, Mnazi Mmoja pakajaa, wanawake upande wao, wanaume wao. Mashine ikakoroma, shuka jeupe likawaka. Vijana wa shule wakaanza kukokoteza: mbu... wa... Hashil hakuwasikiliza. Alikuwa ametega sikio upande wa wanawake.



Kisha sauti ya Bi Siwema, ile ile ya kuitia wateja: "Mbaruku bin Rajabu! Mwanangu huyo!"

Uwanja ukarindima. Watu wazima waliozoea kuambiwa mbumbumbu wakasimama, wakafuata maua kwa vidole, kulia kwenda kushoto, wakiyaita majina kwa sauti. "Hashil bin Ghanim!" "Po... Polikapu! Polikapu wa Kilimanjaro!" Vigelegele.

Mwalimu akageuka, uso umemchanua. "Wameyapenda maua."

"Sana, Bwana."

Polycarp alikuwa amesimama. "Kumbe hukuniandika punda."

"Punda yumo," Hashil akamnong'oneza. "Chini katikati, kwa herufi za shule."

Polycarp hakucheka. Ubao ulikwisha kuondoka shukani, dimbwi limeingia, naye bado amesimama, walio nyuma wakimpigia kelele akae.