Spika Iliyokatwa Waya

Jumamosi saa nne asubuhi mshonaji aliilaza spika ya redio kifudifudi juu ya meza ya kukatia vitambaa, akafungua skrubu nne za mgongoni na kuziweka ndani ya kifuniko cha chupa. Saa sita kaka yake angefika na mnunuzi wa nyumba. Mabegi alishayafunga, sakafu alishaipiga deki mara mbili, na bado kukaa hakukaliki. Alitaka redio iseme chochote, hata bei ya mbolea.

Nyumba ilikuwa ya mama yao, aliyefariki miezi minane iliyopita. Mshonaji alimuuguza miaka sita, akimgeuza kitandani usiku na mchana. Siku ya mwisho alikwenda duka la dawa, na aliporudi alimkuta kaka mlangoni. Mama ametutoka, kaka alisema, na kuhusu nyumba hakuacha neno. Basi karatasi zikaandikwa jina la mkubwa, na mkubwa akaamua kuuza.

Waya mwekundu ulikuwa umeachana pale unapoingia kwenye kasha. Siku zote mshonaji alidhani ni panya. Lakini panya hutafuna, na huu ulikatwa sawasawa kwa mkasi. Mtu wa vitambaa hadanganywi kwa hilo. Kitufe cha kuzimia redio kiling'oka zamani, na kila mtu mle ndani alijua kwamba inazimwa kwa kuchomolewa ukutani. Ila kaka, mtu wa pupa tangu utotoni, hata fundo la kamba ya kiatu hakuwahi kulifungua. Alikuwa akilikata.

Alimenya ncha mbili kwa meno, akazisokota pamoja, akazidondoshea risasi ya kulehemu aliyoiyeyusha jikoni, akazungushia utepe. Kabla hajaichomeka redio, spika ikaanza kusema.

Spika iliyokatwa waya haitoi sauti, lakini hakuna kinachoizuia kupokea. Hii ilipokea mpaka ikajaa, na ilijaa siku ile ile ilipokatwa. Ilianza na mlio wa mkasi. Kisha akaja Mama, na sauti yake ya kukwaruza.

"Afadhali umeizima. Nisikilize, mwanangu. Nyumba hii ni ya mdogo wako. Wewe unayo yako. Usimtoe."

"Nimekusikia, Mama," kaka akajibu.

Kikafuata kikohozi, kimya kirefu, halafu kaka kwenye simu: "Hapana, hakusema kitu." Hapo spika ikarudi mwanzo, kwenye mlio wa mkasi.

Mshonaji alisimama, akakaa, akasimama tena. Alilia kwa hasira, akanawa uso, akaenda dirishani mara kumi kuangalia kama wanakuja. Mama aliendelea kusema.

Kaka alipoingia na mnunuzi, mwalimu mstaafu aliyeshika futi ya kupimia, alivua kofia.

"Mama huyo," kaka alisema, akaketi.

"Umesikia anachosema, Kaka?"

"Nimesikia. Hata siku ile nilisikia." Alipangusa paji la uso. "Lakini sahihi zimeshatiwa, mdogo wangu. Maji yakishamwagika hayazoleki."

"Aliyeyamwaga ni wewe."

"Ni mimi," kaka alikubali.

Mwalimu aliinama kuitazama ile kazi, akasema imeungwa vizuri, sauti inatoka safi. Aliuliza kama spika inabaki na nyumba. Aliambiwa haibaki, akaenda kupima madirisha, maana mkewe alitaka mapazia mapya na hakutaka kungoja.

Mwalimu alipomaliza, kaka alisimama na kunyoosha mkono ili apewe ufunguo.

"Ngoja Mama amalize," mshonaji alisema.

Wakangoja. Mwalimu naye alikunja futi yake, akasimama kwa adabu karibu na mlango. Mama alisema yote bila haraka, mpaka kwenye "Usimtoe." Kaka aliitikia kutoka ndani ya spika kwamba amesikia, na mshonaji akamwekea ufunguo mkononi.